Chuo Kikuu Hakina Kazi za Pembeni

Hoja yenyewe imezoeleka mno katika vikao vya mabaraza ya vyuo vikuu, hata haidaiwi tena ushahidi. Chuo kikuu, husemwa, kipo ili kifundishe na kitafiti. Kufagia madarasa, kulinda mageti, kukata majani, kusafisha vyoo vya mabweni, kupika na kuendesha mabasi ya wanafunzi ni kazi za pembeni. Basi wapewe wenye nazo: kampuni za usafi, kampuni za ulinzi, wazabuni wa chakula. Watashindana kwa bei, chuo kitaokoa fedha, na makamu mkuu wa chuo atapata muda wa kushughulikia maabara na vitabu.

Watu makini wameiamini hoja hii, na wengi wao walikuwa na nia njema. Lakini imekwisha kujaribiwa, kwa miaka mingi na katika nchi kadhaa, na matokeo yake yanasomeka. Kampuni za nje hazikupunguza gharama kwa sababu zilijua kufagia kuliko wafagiaji wa chuo. Zilipunguza kwa kuwalipa watu wale wale kidogo zaidi, na sehemu kubwa ya kilichokatwa kwenye mishahara ikaishia kwenye faida ya mzabuni na kwenye kodi. Mahali ambapo jaribio hilo lilifanywa kikamilifu, likaishi zaidi ya miaka 15, kisha likavunjwa mbele ya macho ya dunia, ni Afrika Kusini.

Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cape Town, UCT, kiliamua kuzikabidhi kwa kampuni za nje huduma kadhaa zilizokuwa zikifanywa na wafanyakazi wake. Wafanyakazi zaidi ya 250 walipunguzwa. Makamu mkuu wa chuo alikuwa Mamphela Ramphele, daktari aliyepigana bega kwa bega na Steve Biko katika vuguvugu la Black Consciousness, na ambaye serikali ya makaburu ilimng'oa kwao na kumlazimisha kuishi mbali miaka kadhaa. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Wits, jijini Johannesburg, kikafanya vivyo hivyo na kupunguza zaidi ya watu 600. Kiongozi wake alikuwa Colin Bundy, mwanahistoria aliyejipatia jina kwa kitabu cha mwaka 1979 kuhusu namna wakulima Waafrika walivyosukumwa nje ya ardhi na masoko yao hadi wakageuka vibarua.

Inafaa kuwataja kwa majina, kwa kuwa historia zao zinaonyesha nguvu ya fikra yenyewe. Watu hawa hawakuwa maadui wa wafanyakazi. Walikuwa viongozi wa taasisi za umma katika nchi iliyokuwa imeanza kufunga mkanda chini ya sera ya uchumi ya mwaka 1996 iliyojulikana kama GEAR, huku ruzuku ya serikali ikiwa haitoshi na wanafunzi maskini wakiongezeka. Waliambiwa na washauri kwamba fedha zipo, zimejificha katika idara za usafi na bustani. Nao wakaamini.

Kilichotokea baada ya hapo kinajulikana vizuri katika vyuo vyote viwili. Sakafu zilibaki zile zile, vyoo vile vile, mageti yale yale, na baadhi ya waliopunguzwa walirudi kufanya kazi ile ile wakiwa wamevaa sare za kampuni. Tofauti ilikuwa katika hati ya mshahara. Malipo yalishuka sana. Pensheni na bima ya afya za chuo zilikwisha. Mtu aliyekuwa mfanyakazi wa chuo kikuu akawa mtu anayeingia chuoni kwa idhini ya mkandarasi, na mkataba wa mkandarasi ulipokwisha, ajira yake nayo ikawa mashakani.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuonekana katika hesabu za washauri. Wafanyakazi wa vyuo hivyo, wakiwemo wasafishaji na watunza bustani, walikuwa na haki ya nafuu ya ada kwa watoto wao. Kwa familia ya mfagiaji, hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya thamani kuliko zote za ajira. Mama angeweza kudeki ukumbi wa mihadhara kwa miaka 20 akijua kwamba mwanawe, akifaulu, ataketi katika ukumbi huo huo. Alipohamishiwa kwa mkandarasi, haki hiyo ilikatika. Katika vitabu vya chuo, hapo pameandikwa akiba. Katika nyumba za watu wa vitongoji vya Khayelitsha na Soweto, hapo njia ya mtoto kwenda chuo kikuu iliziba, na hakuna mshauri aliyetakiwa kuiwekea bei njia hiyo.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Chama chao, NEHAWU, kiliishtaki UCT, na kesi hiyo ikapanda hadi Mahakama ya Katiba. Desemba 2002 mahakama hiyo ilitoa uamuzi ambao mpaka leo husomwa na kila mwanafunzi wa sheria ya kazi nchini humo: biashara au huduma inapohamishwa ikiwa hai kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, mikataba ya wafanyakazi huhama nayo, na mwajiri wa zamani hawezi kuifuta kwa kukubaliana na mwajiri mpya pembeni yao. Chuo kikuu chenye mojawapo ya vitivo vikongwe vya sheria barani kilihitaji kufikishwa katika mahakama ya juu kabisa ndipo swali hilo lipate jibu.

Sasa tuipime hoja ya kwanza, ile ya bei.

Usafi na ulinzi ni kazi za mikono na macho. Gharama yake kubwa ni mishahara. Ndoo, sabuni na mashine za kukatia nyasi ni sehemu ndogo. Chuo kinapomwajiri mtu moja kwa moja, kinalipa mshahara na mafao, basi. Kinapoleta kampuni, kinalipa mshahara, kinalipa faida ya mwenye kampuni, kinalipa ofisi yake na mameneja wake, halafu kinalipa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, juu ya ankara nzima. Mshahara hautozwi VAT. Ankara ya kampuni inatozwa. Na kwa kuwa huduma ya elimu imesamehewa VAT, chuo hakina namna ya kudai kodi hiyo irudishwe kama kiwanda kinavyofanya. Inakuwa gharama tupu.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme idara ya usafi inatumia milioni 1 kwa mishahara. Mzabuni anayelipa mishahara ile ile, akaongeza asilimia 10 tu kwa faida na uendeshaji, atafikisha milioni 1.1. Ongeza VAT ya asilimia 15, kiwango cha Afrika Kusini, na ankara inakuwa milioni 1.265. Ili mzabuni huyo alingane tu na gharama ya zamani, bila kuokoa hata senti, itambidi akate zaidi ya moja ya tano ya mishahara. Kwa kiwango cha asilimia 18 cha Tanzania na Uganda, makato hayo yanakaribia robo. Akitaka na chuo nacho kionje akiba, akate tena. Anaweza kupunguza idadi ya watu na kuwapa waliobaki majengo zaidi, au kupunguza malipo, au yote mawili. Mlango wa tatu ni mwembamba sana: bei nafuu ya sabuni inayonunuliwa kwa jumla haiwezi kufidia robo ya mishahara.

Hii ndiyo sababu ushahidi kutoka vyuo tajiri unafanana na ule wa vyuo maskini. Mwaka 2001 wanafunzi wa Harvard walikalia jengo la utawala, Massachusetts Hall, kwa siku 21 wakidai wasafishaji, wapishi na walinzi walipwe mshahara wa kuishi. Harvard wakati huo ilikuwa na mfuko wa akiba wa takriban dola bilioni 18. Chuo kiliunda kamati chini ya mchumi wake mwenyewe, Lawrence Katz, na kamati ikakuta kwamba mishahara halisi ya watu wa ngazi ya chini ilikuwa imeshuka tangu katikati ya miaka ya 1990, na kwamba kazi kutolewa kwa kampuni za nje kulichangia. Hata wale waliobaki kwenye ajira ya chuo walibanwa, kwa sababu kila walipokaa mezani kudai nyongeza, kivuli cha kampuni ya nje kilikuwa kimeketi nao. Matokeo yake yalikuwa sera ya usawa: mkandarasi anayeingia Harvard sharti alipe mishahara na mafao yanayolingana na ya wafanyakazi wa chuo wanaofanya kazi kama hiyo.

Sera hiyo ni kipimo safi cha hoja nzima. Kama kampuni za nje zinaokoa fedha kwa ustadi, basi kuzitaka zilipe mishahara sawa na ya chuo kusingezipunguzia mvuto hata kidogo. Ustadi wao ungebaki pale pale. Anayepinga sharti hilo kwa madai kwamba litaua akiba amekwisha kukiri akiba hiyo inatoka mfukoni mwa nani.

Watetezi wa mfumo huu hupenda kutaja Texas A&M. Mwaka 2012 mkuu wa mfumo wa vyuo hivyo, John Sharp, alikabidhi chakula, usafi, bustani na matengenezo kwa kampuni ya Compass, akatangaza kwamba chuo kitapata dola milioni 260 kwa miaka kumi. Tarakimu hiyo inavutia mpaka isomwe vizuri, kwa sababu ilijumlisha akiba na mapato mapya katika kapu moja, na sehemu ya mapato hayo ni ya migahawa. Fedha za mgahawa hulipwa na mwanafunzi anaponunua chakula chake. Chuo kinachopata gawio kutoka kwa mwenye mgahawa kimepata njia mpya ya kumtoza mwanafunzi. Hakijapunguza gharama ya kitu chochote.

Katika jimbo la Tennessee, vyuo vilipiga hesabu kabla ya kutia saini, na vilifika kwingine. Gavana Bill Haslam alianza mwaka 2015 kusukuma mpango wa kutoa huduma za majengo ya umma, vyuo vikiwemo, na mwaka 2017 jimbo likawa na mkataba na kampuni ya JLL ambao kila chuo kingeweza kujiunga nao. Wafanyakazi, wahadhiri na wanafunzi waliandamana pamoja kwa miaka miwili. Makumi ya wabunge wa jimbo, wa chama cha gavana na wa upinzani, waliomba mpango usitishwe. Tarehe 31 Oktoba 2017 mkuu wa kampasi ya Knoxville, Beverly Davenport, akatangaza kwamba chuo chake hakitajiunga: uchambuzi wao ulionyesha akiba ni ndogo kuliko ilivyoahidiwa, na kulikuwa na gharama nyingine za kuzingatia, zikiwemo za kuusimamia mkataba wenyewe. Kampasi nyingine za Chuo Kikuu cha Tennessee zikafuata. Hawa hawakuwa wanaharakati. Walikuwa watawala waliokaa na kalamu na karatasi.

Hoja ya pili ni ya ubora. Kampuni ya usafi, inasemwa, inajua usafi. Lakini mwaka 1997 wachumi Oliver Hart, Andrei Shleifer na Robert Vishny walieleza kwa nini jambo hili halifuati moja kwa moja, na Hart baadaye, mwaka 2016, akapata tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya nadharia ya mikataba. Mkataba hauwezi kuandika kila kitu. Mkandarasi ana kila sababu ya kutekeleza kilichoandikwa na kupunguza gharama katika kile kisichoandikwa, na kadiri kisichoandikwa kinavyokuwa muhimu ndivyo hatari inavyoongezeka.

Katika chuo kikuu, kisichoandikwa ni kingi sana. Mkataba utasema maktaba ifagiliwe mara ngapi kwa siku. Hautasema kwamba msafishaji aone dalili ya maji kwenye dari juu ya rafu za nyaraka adimu na kumwita fundi kabla ya mvua ya usiku. Utasema geti liwe na walinzi wawili. Hautasema kwamba mlinzi amtambue binti wa mwaka wa kwanza anayefuatwa kila jioni na mtu asiye mwanafunzi. Utasema maabara isafishwe saa kumi na moja alfajiri. Hautasema kwamba anayesafisha ajue chupa ipi haiguswi, na hata ukisema, maarifa hayo hukaa kichwani mwa mtu aliyefanya kazi mahali hapo kwa miaka. Mtu anayelipwa kima cha chini, asiye na uhakika wa ajira baada ya zabuni ijayo, ataondoka siku atakapopata mahali penye nyongeza ndogo tu, na ataondoka na yote aliyoyajua. Fundi bomba wa chuo anayejua kila valvu iliyozikwa chini ya njia za miguu hapatikani katika orodha ya vifaa vya mzabuni.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, lakini ndiyo inayowavuta viongozi wengi: kampuni ikija, migogoro ya kazi inakuwa ya kampuni. Chuo kinanawa mikono.

Kiliponawa mikono chuo cha SOAS jijini London, maji hayakutosha. SOAS kinafahamika vyema kwa wasomi wa Kiswahili, kwani lugha hii imefundishwa humo kwa miongo mingi. Wasafishaji wake, wengi wao wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini, walikuwa wameajiriwa na kampuni ya nje. Mwaka 2008 walipata ushindi: chama chao kilitambuliwa na wakaanza kulipwa mshahara wa kuishi wa London. Alfajiri ya tarehe 12 Juni 2009 waliitwa na mwajiri kwenye kikao cha dharura ndani ya chuo. Maofisa wa uhamiaji walikuwa wamejificha wakiwasubiri. Wafanyakazi tisa walikamatwa, mmoja wao akiwa mjamzito, na wengi wa hao tisa wakafukuzwa nchini. Chuo kinachojivunia kuzisoma jamii za dunia kilishuhudia watu wa jamii hizo wakibebwa kutoka katika chumba chake, na hakuna karatasi ya mkataba iliyoweza kuwashawishi wanafunzi wake kwamba jambo hilo halikihusu. Kampeni iliendelea miaka minane zaidi. Agosti 2017 SOAS kilikubali kuwaajiri moja kwa moja wasafishaji, walinzi, wapishi na wengine, na mpango ukaanza kutekelezwa mwaka 2018.

Majirani zao wa Senate House, makao ya Chuo Kikuu cha London, walipita njia kama hiyo. Kuanzia mwaka 2012 wasafishaji wa huko, wengi wao wakizungumza Kihispania, waliendesha kampeni waliyoiita 3 Cosas, yaani mambo matatu: malipo ya ugonjwa, likizo na pensheni. Hayo matatu walikuwa nayo wafanyakazi wa chuo waliokuwa wakipita nao katika korido moja. Miaka michache baadaye chuo hicho nacho kikaanza kuwarudisha watu kwenye ajira yake.

Na kampuni yenyewe ikianguka? Januari 2018 kampuni kubwa ya Uingereza, Carillion, yenye wafanyakazi wapatao 43,000 duniani, ilifilisika. Ilikuwa ikijenga hospitali, ikisafisha wodi, ikipika chakula cha shule. Wagonjwa hawakuacha kuugua na watoto hawakuacha kula siku hiyo. Serikali ililazimika kuingiza fedha ili huduma ziendelee. Hatari iliyodaiwa kuhamishwa ilirudi kwa mwenyewe siku ile ile ilipotokea. Chuo kikuu chenye wanafunzi maelfu mabwenini hakiwezi kuwaambia wasubiri mpaka mfilisi amalize kazi.

Turudi Afrika Kusini, maana huko ndiko hesabu ilikofungwa. Tarehe 6 Oktoba 2015 wanafunzi, wafanyakazi na baadhi ya wahadhiri waliandamana pamoja Johannesburg, na miongoni mwa madai yao makuu lilikuwa lile la kukomesha mfumo wa wakandarasi. Siku nane baadaye wanafunzi wa Wits walifunga mageti ya chuo kupinga ongezeko la ada la asilimia 10.5, na moto ukasambaa nchi nzima. Tarehe 23 Oktoba Rais Jacob Zuma alitangaza kwamba ada hazitapanda mwaka 2016. Dunia ilikumbuka zaidi habari ya ada. Lakini wanafunzi walikuwa wameunganisha mambo mawili kwa mantiki isiyopingika: msafishaji anayelipwa malipo ya njaa ndiye mzazi asiyeweza kulipa ada. Tarehe 28 Oktoba UCT, chini ya Max Price, kilitia saini makubaliano na NEHAWU, na Julai 2016 wafanyakazi wa kampuni za nje wakawa waajiriwa wa chuo. Wits, chini ya Adam Habib, nacho kilikubali, na mwaka 2017 kikaanza kuwapokea watu wake. Vyuo vingine vikafuata. Watoto wa wafanyakazi hao wakaweza tena kupata nafuu ya ada iliyokuwa imezimwa tangu 1999 na 2000.

Watetezi wa mfumo wa zamani wana jibu hapa, na ni jibu linalostahili kusikilizwa: kuwarudisha watu kuligharimu fedha. Ni kweli. UCT na Wits vililazimika kuzitafuta mahali fulani, bajeti nyingine zikabanwa, na mambo hayakuwa mepesi. Lakini gharama hiyo ilitokana na nini? VAT ilipungua, faida ya wakandarasi ilikoma. Kilichopanda ni mishahara na mafao ya watu waliokuwa wamelipwa pungufu kwa miaka 16. Gharama ya kuwarejesha ni picha halisi ya kiasi walichokuwa wakinyimwa kila mwezi. Hoja ya gharama, ikifuatwa mpaka mwisho wake, inathibitisha shtaka lile lile inalotaka kulikanusha. Nayo maafa yaliyotabiriwa hayakutokea: vyuo hivyo viwili vimeendelea kutajwa mwaka hadi mwaka miongoni mwa vyuo bora kabisa barani Afrika.

Jibu jingine husikika zaidi Afrika Mashariki. Wafanyakazi wa chuo, husemwa, ni wavivu. Wakishathibitishwa kazini hawagusiki. Kampuni ya nje inaweza kumwondoa mtu kesho yake. Anayesema hivi anaeleza udhaifu wa usimamizi, na usimamizi dhaifu hauponywi na zabuni. Ofisi iliyoshindwa kumsimamia mfagiaji iliyemwajiri yenyewe itawezaje kusimamia mkataba wa kurasa mia, kukagua idadi ya walinzi waliofika usiku dhidi ya idadi iliyoandikwa kwenye ankara, na kukataa kulipa pale pengo linapoonekana? Isitoshe, kila anayefuatilia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nchini Tanzania anajua kwamba manunuzi na mikataba havikosi katika orodha ya dosari za kila mwaka. Kuhamisha mishahara ya mamia ya watu kutoka kwenye orodha ya malipo inayokaguliwa na kuipeleka kwenye zabuni ni kufungua mlango ambao tayari unaingiza wezi.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika habari hii. Miaka ya 1990, chini ya masharti ya kurekebisha uchumi, vyuo vya umma vilishauriwa vijivue huduma zisizo za taaluma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza programu yake ya mageuzi ya kitaasisi mwaka 1993, na chakula cha wanafunzi kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoachiwa watu binafsi. Leo katika kampasi nyingi za ukanda huu, sare za walinzi na wasafishaji zina nembo za kampuni, na wanafunzi waliopo hawajui kwamba iliwahi kuwa vingine. Mazoea hayo ndiyo nguvu kubwa ya hoja hii. Inaonekana kama sheria ya asili kumbe ni uamuzi wa kikao fulani, wa mwaka fulani, na kikao kingine kina uwezo wa kuutengua.

Nyuma ya hesabu zote kuna dai la msingi linalopaswa kukataliwa lenyewe: kwamba kufagia darasa ni kazi ya pembeni na kufundisha ndani yake ni kazi ya msingi. Mhadhara hautolewi katika ukumbi unaonuka. Jaribio la kemia halifanyiki juu ya meza chafu. Mwanafunzi wa kike hasomi maktabani hadi saa nne usiku kama njia ya kurudi bwenini haina ulinzi wa kuaminika. Wagonjwa wa hospitali za vyuo vya tiba wanajua kuliko wote kwamba usafi wa wodi ni sehemu ya tiba. Janga la UVIKO-19 lilipokuja mwaka 2020, wahadhiri walifundisha wakiwa majumbani, lakini walinzi na wasafishaji walikwenda kazini. Taasisi iliyotegemea watu hao ili isife haina haki ya kuwaita wa pembeni.

Kampuni zitabaki na nafasi yake. Chuo kinahitaji mtaalamu wa kukagua lifti mara mbili kwa mwaka, fundi wa kutengeneza paa baada ya kimbunga, kampuni ya kujenga bweni jipya. Hizo ni kazi zenye mwanzo na mwisho. Kazi inayofanyika kila siku, mahali pale pale, kwa miaka yote ya uhai wa chuo, ni kazi ya chuo, na anayeifanya ni mfanyakazi wa chuo.

Mikataba mingi ya usafi na ulinzi ni ya muda maalumu. Inapokwisha, chuo hakidaiwi fidia kwa kutoihuisha. Kabla ya tangazo la zabuni ijayo, kila baraza la chuo kikuu cha umma, kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Kampala, liweke hadharani mambo manne: gharama kamili ya mkataba unaokwisha pamoja na VAT na gharama za kuusimamia, mshahara halisi anaoupata msafishaji na mlinzi mkononi kila mwezi, gharama ya kuwaajiri watu hao hao moja kwa moja kwa ngazi ya chini ya mishahara ya chuo, na idadi ya watoto wao ambao wangestahili nafuu ya ada. Pale ambapo kampuni lazima iendelee kwa muda, iwekewe sharti la Harvard: mishahara na mafao sawa na ya waajiriwa wa chuo. Vyama vya wanafunzi, vyama vya wahadhiri na vyama vya wafanyakazi vidai tarakimu hizo kwa pamoja, kama walivyofanya wenzao Johannesburg na Knoxville, na visikubali jibu lolote linalokuja bila hesabu.